Kusoma bei za nyumba Kent kabla ya kutoa ofa: mwongozo kamili

Ukiuliza bei ya nyumba Kent utapewa namba moja, na namba hiyo haitakusaidia kitu. Kaunti hii ya kusini-mashariki mwa Uingereza inaanzia kwenye mpaka wa London na kuishia kwenye majabali meupe ya Dover, na kati ya ncha hizo mbili wastani wa bei hushuka kwa zaidi ya theluthi. Wilaya ya Sevenoaks inazunguka nusu milioni ya pauni. Dover, Thanet na Swale zinazunguka laki tatu. Hata hizo bado ni namba za gazetini: ndani ya Thanet peke yake, Broadstairs na Cliftonville zimetenganishwa na maili chache za pwani lakini ni masoko mawili yasiyofanana.

Kazi ya mnunuzi ni kushuka ngazi: kutoka kaunti hadi wilaya, wilaya hadi mtaa, mtaa hadi mita ya mraba. Takwimu zote zinazohitajika zinatolewa bure na serikali. Tenga jioni mbili, kompyuta yenye lahajedwali, na usikubali bei ya dalali iwe ndiyo mahali pa kuanzia hesabu.

Hatua ya 1: Amua ni Kent ipi

Halmashauri ya Kaunti ya Kent ina wilaya 12: Ashford, Canterbury, Dartford, Dover, Folkestone and Hythe, Gravesham, Maidstone, Sevenoaks, Swale, Thanet, Tonbridge and Malling, na Tunbridge Wells. Medway, yaani Chatham, Gillingham, Rochester, Rainham na Strood, ilijitenga kiutawala tarehe 1 Aprili 1998. Watu wa huko bado wanajihesabu ni wa Kent na madalali wanaitangaza hivyo, ila kwenye rekodi za serikali mauzo yake yako chini ya kaunti iitwayo MEDWAY. Ukichuja kwa neno KENT pekee utakuwa umefuta eneo kubwa la bei nafuu lenye treni za moja kwa moja kwenda London, bila hata kujua.

Upande wa pili kuna kosa la kinyume chake. Bromley na Bexley zilihamishiwa London mwaka 1965, lakini hadi leo utakuta anwani zimeandikwa "Bromley, Kent". Bei za huko ni bei za London na hazina nafasi kwenye ulinganisho wako.

Misimbo ya posta nayo haijali mipaka. DA ina Dartford na Gravesend, lakini pia Sidcup na Bexleyheath ambazo ni London. TN inaanzia Sevenoaks, TN13, na kwenda hadi Hastings, TN34, ambayo iko East Sussex. Swanley ina BR8, msimbo unaoonekana wa Bromley, kumbe iko ndani ya wilaya ya Sevenoaks, na bei zake ziko chini sana ya mji wenyewe wa Sevenoaks. Kwa hiyo chuja kwa safu ya wilaya kwanza, kisha ndipo uingie kwenye misimbo.

Hatua ya 2: Pata picha ya wilaya, kwa aina ya nyumba

Fahirisi ya Bei za Nyumba ya Uingereza, yaani kipimo cha jinsi bei zinavyopanda na kushuka, hutolewa kila mwezi kwa kila wilaya. Inatenganisha aina nne: nyumba iliyosimama peke yake, nyumba pacha zinazogawana ukuta mmoja, nyumba za mstari, na fleti. Usitazame safu ya "zote". Sevenoaks imejaa nyumba zilizosimama peke yake kwenye viwanja vikubwa, Gravesham ina mistari mirefu ya nyumba za enzi ya Malkia Victoria. Ukilinganisha jumla kwa jumla unalinganisha maumbo ya nyumba zaidi kuliko maeneo. Chukua nyumba za mstari za wilaya zote 12 pamoja na Medway, ziweke kwenye safu moja, halafu fanya hivyo kwa nyumba pacha. Mpangilio utakaoupata ndio ramani yako ya kwanza.

Tahadhari mbili. Takwimu huchelewa kama miezi miwili, na miezi ya karibuni hurekebishwa kadiri mauzo yaliyochelewa kusajiliwa yanavyoingia. Mwezi wa mwisho kabisa usiujengee hoja. Pia wilaya yenye fleti chache huruka juu na chini mwezi hadi mwezi kwa sababu ya mauzo machache tu. Tazama mwelekeo wa miezi 12.

Hatua ya 3: Shusha mauzo halisi ya mtaa

Msajili wa Ardhi wa England na Wales anachapisha bei iliyolipwa kwa kila nyumba iliyouzwa kwa thamani kamili tangu Januari 1995. Kuna njia mbili za kuipata. Ya kwanza ni fomu ya kutafutia mtandaoni, ambako unaandika mtaa, mji, wilaya au msimbo wa posta na kushusha matokeo. Ya pili ni kushusha faili la mwaka mzima. Faili la miaka yote usilijaribu kwenye Excel, maana Excel inaishia mistari 1,048,576 na faili hilo linavuka hapo mara nyingi. Kwa mnunuzi wa kawaida fomu inatosha.

Faili la mwaka halina vichwa vya safu, jambo linalowachanganya wengi. Safu ziko 16, na zile utakazozitumia zaidi ni hizi: ya 2 ni bei, ya 3 ni tarehe ya hati ya uhamisho, ya 4 ni msimbo wa posta, ya 5 ni aina ya nyumba, ya 6 inasema kama ni mpya, ya 7 ni aina ya umiliki, ya 13 ni wilaya, ya 14 ni kaunti, na ya 15 ni kundi la muamala. Herufi za safu ya 5 ni D kwa nyumba iliyosimama peke yake, S kwa pacha, T kwa mstari, F kwa fleti, O kwa mengineyo.

Sasa chuja:

– Safu ya 15 bakiza A tu. Kundi B, lililoanza kurekodiwa Oktoba 2013, lina nyumba zilizouzwa na benki baada ya mkopaji kushindwa kulipa, mauzo kwa makampuni na baadhi ya nyumba zilizonunuliwa ili kupangishwa. Bei zake zinaweza kupotosha.
– Safu ya 6 bakiza N, isipokuwa unanunua nyumba mpya. Herufi hapa inajibu swali "ni mpya?", kwa hiyo Y ni mpya na N ni ya zamani, watu huikosea wakidhani N ndiyo mpya. Mnunuzi wa kwanza wa nyumba mpya hulipa ziada ambayo hairudi akiuza mapema, na mara nyingi bei iliyoandikwa inaficha zawadi za mjenzi kama zulia au ushuru uliolipiwa.
– Safu ya 7, F ni umiliki wa kudumu wa nyumba na ardhi yake, L ni umiliki wa miaka, kama hati za miaka 99 tunazozijua nyumbani. Usichanganye hizo mbili.

Zawadi, uhamisho wa amri ya mahakama, uuzaji wa sehemu tu ya nyumba, na nyumba za halmashauri zilizouzwa kwa punguzo kwa wapangaji wake haziingii kwenye rekodi hii. Ukikuta nyumba haina bei popote, hiyo ndiyo sababu ya kawaida, au haijawahi kuuzwa tangu 1995. Mauzo ya miezi miwili iliyopita nayo huwa hayajakamilika kusajiliwa, na nyumba mpya huchelewa zaidi ya hapo.

Lenga mauzo 7 hadi 15 ya miaka mitatu iliyopita, ya aina moja, ndani ya nusu maili, upande uleule wa reli au barabara kuu. Reli hugawa bei kuliko watu wanavyodhani.

Hatua ya 4: Tafuta ukubwa, ugawe

Rekodi ya bei haina ukubwa wa nyumba, na hapo ndipo wengi wanaishia, wakilinganisha "vyumba vitatu" na "vyumba vitatu". Chumba cha tatu cha nyumba ya Victoria huko Gillingham kinaweza kuwa ni kichumba cha mita mbili kwa mbili na nusu ambacho unakifikia kwa kupita ndani ya chumba kingine. Dalali bado anakihesabu.

Ukubwa upo kwenye cheti cha matumizi ya nishati. Kila nyumba inayouzwa lazima iwe nacho, kinadumu miaka 10, na daftari lake liko wazi: andika msimbo wa posta, chagua namba ya nyumba, soma mstari wa jumla ya eneo la sakafu kwa mita za mraba. Madalali wengi huandika futi za mraba; gawanya kwa 10.764 upate mita. Ikiwa kipimo cha dalali kinazidi cha cheti kwa zaidi ya asilimia 10, uliza amejumlisha nini. Mara nyingi ni gereji, au chumba cha vioo cha nyuma kisicho na joto, au dari iliyowekewa zulia na ngazi lakini haina kibali cha ujenzi. Hicho cha mwisho kisihesabiwe kuwa ni chumba, na benki pia haitakihesabu.

Angalia tarehe ya cheti. Cheti cha 2016 cha nyumba iliyoongezwa jiko mwaka 2020 kitakupa ukubwa wa zamani kwa bei mpya, na nyumba hiyo itaonekana ghali kuliko ilivyo.

Gawanya bei kwa mita. Kisha tupa nyumba zote ambazo ukubwa wake unatofautiana na ya kwako kwa zaidi ya asilimia 15, kwa sababu nyumba ndogo kwa kawaida huwa na bei kubwa kwa mita: jiko na bafu moja ni gharama ileile, iwe nyumba ina mita 60 au 95.

Hatua ya 5: Sogeza bei za zamani hadi leo

Bei ya Machi 2022 haiwezi kukaa meza moja na ya mwezi uliopita. Rudi kwenye fahirisi ya wilaya, chukua safu ya aina yako ya nyumba, na zidisha bei ya zamani kwa fahirisi ya sasa, kisha gawanya kwa fahirisi ya mwezi wa mauzo. Tuseme nyumba ya mstari yenye mita 78 iliuzwa £290,000 wakati fahirisi ilikuwa 140, na sasa ni 147. Bei yake ya leo ni 290,000 × 147 ÷ 140, yaani £304,500, au £3,904 kwa mita.

Tuseme umefanya hivyo kwa nyumba saba ukapata, kwa mita: 3,650, 3,780, 3,850, 3,904, 3,960, 4,020 na 4,480. Chukua ya katikati, 3,904, usichukue wastani. Hiyo ya 4,480 ina sababu yake (pengine ilikarabatiwa yote) na wastani ungeiruhusu ivute wenzake. Nyumba unayoitaka ina mita 82. Zidisha: £320,128. Dalali anataka £340,000, ambayo ni £4,146 kwa mita. Sasa una swali la kumuuliza lenye pauni elfu ishirini ndani yake: nyumba hii ina nini ambacho zile sita za chini hazina? Kukiwa na jibu, kama paa jipya lenye risiti, bustani inayotazama kusini au maegesho ya nje ya barabara, sawa. Jibu likiwa ni "wateja wengi wameulizia", hakuna jibu.

Kinachopandisha na kushusha bei Kent

Treni ndiyo kubwa. Sevenoaks ni kama nusu saa hadi London Bridge, na zaidi ya asilimia 90 ya wilaya yake ni ukanda wa kijani ambako ujenzi mpya umebanwa kisheria. Wanunuzi wengi, nyumba mpya chache: bei hubaki juu. Ashford iko mbali zaidi ya mara mbili kwa ramani, lakini tangu Desemba 2009 treni ya kasi inafika St Pancras kwa dakika zisizofika 40, na Ebbsfleet ni chini ya dakika 20. Tiketi ya treni ya kasi ni ghali kuliko ya kawaida, na wengi husahau kuiingiza kwenye bei ya nyumba.

Iingize hivi. Mkopo wa £10,000 kwa riba ya asilimia 5 na miaka 25 unalipwa kama £58.46 kwa mwezi, sawa na £701.50 kwa mwaka. Tiketi ya mwaka ya kituo A ikizidi ya kituo B kwa £1,500, tofauti hiyo ni sawa na mkopo wa karibu £21,400. Nyumba ya kituo A ikiwa nafuu kwa chini ya hapo, haijawa nafuu. Anayekwenda ofisini siku mbili kwa wiki apige hesabu kwa tiketi za siku, na jibu linaweza kugeuka kabisa. Usihesabu pia treni za Eurostar: zimeacha kusimama Ashford na Ebbsfleet tangu 2020, ingawa matangazo ya zamani bado yanazitaja.

Shule zinafuata. Kent ni miongoni mwa kaunti chache zilizobakiza shule za sarufi zinazochagua wanafunzi kwa mtihani, unaofanywa Septemba mtoto akiwa ndiyo kwanza ameingia darasa la 6 la huko. Medway ina mtihani wake tofauti, na kufaulu mmoja si kufaulu mwingine. Shule nyingine hupanga kwa alama, nyingine kwa umbali kutoka nyumbani, nyingine huchanganya vyote na mipaka ya parokia. Wazazi wanaolipa ziada ili wakae Tonbridge au Tunbridge Wells wananunua umbali. Kabla ya kulipa ziada hiyo soma sera ya udahili ya shule yenyewe ya mwaka huu, na umbali wa mtoto wa mwisho aliyechukuliwa mwaka jana. Mipaka husogea. Sevenoaks haikuwa na shule ya sarufi ndani ya mji hadi tawi la Weald of Kent lilipofunguliwa mwaka 2017.

Bahari inafanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Whitstable, Broadstairs, Deal na Hythe, bahari inapandisha. Sheerness, baadhi ya mitaa ya Dover na Margate, uchumi wa bandari na utalii uliokufa uliacha majengo makubwa yaliyokatwakatwa kuwa fleti. Jumba la sanaa la Turner Contemporary lilifunguliwa Margate mwaka 2011 na kuvuta wanunuzi kutoka London, lakini upandaji ule ulikaa zaidi kwenye mitaa ya mji mkongwe na haukusambaa sawasawa. Ukisoma kwamba "Margate imepanda", rudi hatua ya 3 utazame mtaa wako.

Kuna mambo madogo ambayo hayaonekani kwenye picha za tangazo. Vivuko vya bahari vikikwama, malori hupangwa kwenye barabara ya M20 na msongamano unamwagikia vijiji vya kati ya Maidstone na Ashford. Uwanja wa ndege wa Manston, uliofungwa 2014, ulipewa upya ruhusa ya kufunguliwa mwaka 2022 kwa ndege za mizigo, na njia ya kutua inapita juu ya Ramsgate. Handaki jipya la barabara chini ya mto Thames, mashariki ya Gravesend, liliidhinishwa Machi 2025, maana yake miaka ya ujenzi kwa wakazi wa jirani.

Bei rahisi yenye sababu

Ukiona nyumba £60,000 hadi £90,000 kwenye Kisiwa cha Sheppey au kando ya mto Medway, karibu daima ni nyumba ya mbao au ya kusogezwa ndani ya kambi. Ardhi si yako, unalipia nafasi kila mwaka, benki hazikopeshi kwa njia ya kawaida, na kambi nyingi za Leysdown haziruhusu kuishi mwaka mzima. Hazionekani kwenye rekodi ya bei kwa sababu si ardhi iliyosajiliwa, kwa hiyo huna hata cha kulinganishia.

Ukiona fleti kwa nusu ya bei ya jirani, tafuta neno la umiliki wa sehemu. Bei inayotangazwa inaweza kuwa ya asilimia 40 tu, na asilimia 60 unalipia pango kwa shirika la nyumba, juu yake ada ya huduma yote.

Fleti yenye umiliki wa miaka isome hivi: imebaki miaka mingapi, ada ya huduma ni kiasi gani kwa mwaka kwa miaka mitatu iliyopita, na pango la ardhi, yaani kodi unayomlipa mwenye ardhi, linaongezeka vipi. Ikibaki chini ya miaka 80 gharama ya kuongeza miaka hupanda ghafla, na benki nyingi huanza kusita. Hati mpya zilizotolewa tangu 30 Juni 2022 kwa kawaida hazina pango la ardhi. Za zamani zinaendelea na lake. Kwa jengo la ghorofa nyingi, dai waraka wa usalama wa kuta za nje dhidi ya moto kabla hujalipia mkaguzi.

Maji yanahitaji uangalifu zaidi ya yote. Ramani ya mafuriko inayotumika kwenye mipango ya ujenzi ina kanda tatu. Ya 3 ni yenye uwezekano wa asilimia 1 au zaidi kwa mwaka kufurika kutoka mtoni, au asilimia 0.5 au zaidi kutoka baharini, bila kuhesabu kuta za kinga. Kwa hiyo soma pia ukurasa wa hatari ya muda mrefu, unaohesabu kinga na maji ya mvua yanayotuama. Yalding, unapokutana mto Medway na vijito vyake, ilizama Krismasi ya 2013. Sehemu kubwa ya Romney Marsh iko chini ya usawa wa bahari iliyojaa. Bima inawezekana kwa sababu ya mpango wa Flood Re ulioanza Aprili 2016, unaotazamiwa kuisha 2039, lakini nyumba zilizojengwa tangu 1 Januari 2009 hazimo. Hili linawakuta watu vibaya: nyumba mpya kwenye bonde la mto inaweza kuwa na bima ghali kuliko ile kongwe iliyo jirani. Pata nukuu ya bima kabla ya ofa, kwa anwani kamili.

Mmomonyoko wa pwani ni jambo jingine kabisa. Eastchurch, Sheppey, sehemu ya mwamba wa udongo ilianguka mwaka 2020 na nyumba ikaenda nayo. Bima ya kawaida hailipi mmomonyoko. Kwenye ardhi ya chaki ya Gravesend, Dartford na Medway kuna mashimo ya kale ya kuchimbia chaki, na mashariki karibu na Aylesham na Deal kulikuwa na migodi ya makaa ya mawe, wa mwisho ukafungwa 1989. Wakili wako aagize upekuzi wa migodi huko. Usimwachie akuambie si lazima.

Ushuru wa stempu, hasa kama una nyumba nyumbani

Viwango tangu 1 Aprili 2025 kwa England ni: sifuri hadi £125,000, asilimia 2 kwa sehemu ya hadi £250,000, asilimia 5 hadi £925,000, 10 hadi milioni moja na nusu, na 12 juu ya hapo. Mnunuzi wa mara ya kwanza halipi kitu hadi £300,000, halafu asilimia 5 hadi £500,000. Bei ikivuka £500,000 nafuu yote inapotea.

Mara ya kwanza maana yake hujawahi kumiliki nyumba ya kuishi popote duniani. Nyumba ya Kigamboni au Kisauni inahesabiwa, hata ya urithi, hata kama uliiuza. Kiwanja kitupu hakihesabiwi. Mkinunua wawili, wote wawili lazima muwe wa mara ya kwanza.

Kikwazo cha pili ni ziada ya asilimia 5 kwa anayebaki na nyumba zaidi ya moja siku ya kukamilisha ununuzi, tena popote ilipo, ikiwa thamani ya hisa yako ni £40,000 au zaidi. Mume na mke wanaoishi pamoja huhesabiwa mtu mmoja. Sehemu ya urithi isiyozidi nusu, uliyoipata ndani ya miaka mitatu, haihesabiwi kwa ziada hii, lakini bado inakuondolea nafuu ya mara ya kwanza. Aliyekuwa nje ya Uingereza, hakufikisha siku 183 ndani ya miezi 12 kabla ya kununua, anaongezewa asilimia 2.

Kwa nyumba ya £320,000: mnunuzi wa mara ya kwanza analipa £1,000. Asiye na nafuu hiyo, asiyebaki na nyumba nyingine, £6,000. Mwenye nyumba ya kupangisha Nairobi, £22,000. Huyo huyo akiwa anaishi Muscat au Nairobi, £28,400. Fomu na malipo ni ndani ya siku 14 tangu kukamilisha. Mwambie wakili habari za nyumba ya nyumbani siku ya kwanza. Wengi hawaulizwi vizuri, hujaza "hapana", na kodi hurudi baadaye ikiwa na riba na faini.

Anayekwepa riba atumie mpango wa ununuzi wa pamoja na benki ya Kiislamu. Sheria ya ushuru inauruhusu bila kutozwa mara mbili. Ila linganisha ada za tathmini na za kutoka mapema.

Kutoa ofa

Andika ofa kwa barua pepe: bei, kiasi cha amana, uthibitisho wa mkopo, na mauzo matatu ya karibu yakiwa na bei kwa mita. Dalali anafanya kazi kwa muuzaji, lakini namba hizo atazipeleka kwa mteja wake kwa sababu zinampunguzia kazi ya kumshawishi. Kwa mfano wetu ungeanza £310,000 ukijua kikomo ni £320,000.

Ofa ikikubaliwa hakuna kilichofungwa. Kila upande unaweza kujitoa hadi pande mbili zibadilishane mikataba iliyosainiwa. Agiza ukaguzi wa daraja la 2 kwa nyumba ya kawaida, la 3, ambalo ni la kina zaidi, kwa ya kabla ya 1930, ya mbao, au iliyojengwa juu ya udongo wa mfinyanzi kama Whitstable na Sheppey, ambako misingi husogea kiangazi kikali. Mkaguzi akitaja nyufa zinazopanuka juu, rudi na bei mpya ukiwa na nukuu ya fundi mkononi. Thamani ya benki ikitoka chini ya ofa, tofauti unalipa mwenyewe au unashusha bei. Mpe dalali ripoti, usimwombe tu.

Kubadilishana mikataba kwa kawaida kunadai asilimia 10 ya bei. Bima ya jengo ianze siku hiyohiyo, maana kuanzia hapo nyumba ikiungua ni hasara yako, hata kama funguo bado ziko kwa muuzaji.